Gari jipya la umeme linakataa chaji, na mume wangu anamshuku mtoto wa marehemu dada yangu

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 43, mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa katika wilaya ya Makete, upande wa juu unaopakana na Kitulo. Jambo ninalokuandikia nililiona mwanzoni kuwa ni la fundi tu, lakini sasa limeingia ndani ya nyumba, na sijui nilishike upande gani.

Mwezi wa Aprili mimi na mume wangu tulinunua gari dogo la umeme la mashambani, lile la magurudumu manne yenye meno makubwa, viti viwili mbele na bodi ya mizigo nyuma. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na viazi vya msimu uliopita, na iliyobaki ni mkopo wa SACCOS ulioandikwa kwa jina langu. Shamba letu liko bondeni na barabara inapita juu, kwa hiyo miaka yote tulikuwa tukipandisha viroba vya viazi na madumu ya maziwa kwa punda na kwa migongo. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji, kwa simu na kwa ujumbe ambao bado ninao, kwamba kwetu ni milimani, kuna matope na kuna baridi kali. Akanijibu kwamba gari limetengenezwa kwa mazingira ya namna hiyo hiyo. Aprili na Mei lilifanya kazi vizuri hata majirani wakaanza kuulizia bei.

Tangu Juni ilipoanza, gari limekuwa likikataa chaji. Si kila siku, na hilo ndilo linalonichanganya. Nina mazoea ya kuandika lita za maziwa kwenye daftari, na pembeni nimekuwa nikiandika habari za chaji, kwa hiyo nakunakilia wiki moja kama ilivyo. Jumatatu tuliunga saa 1 usiku, taa ikawa ya kijani, na ilipofika saa 2 ikageuka nyekundu na kubaki hivyo. Saa 11 alfajiri mume wangu alikuta betri ina asilimia 52. Akachomoa na kuchomeka tena, ikakataa kabisa. Maziwa yakapandishwa kwa punda, na saa 3 asubuhi ikaanza yenyewe bila mtu kuigusa. Alhamisi tuliunga saa 1 usiku, ikakata saa 2, kijana akachomoa na kuchomeka tena saa 5 usiku, na asubuhi tukaikuta imejaa. Jumamosi alfajiri ilikataa, na nje sakitu ilikuwa imetanda kwenye majani kama chumvi. Jumapili tuliunga saa 8 mchana tulipotoka ibadani, ikiwa nusu, na kabla ya saa 12 jioni ilikuwa imejaa.

La ajabu ni kwamba hata siku inayokataa chaji, gari lenyewe linatembea. Jumamosi ile ile lilipanda mlima na madumu manne ya maziwa bila shida yoyote. Hapo ndipo mume wangu alipojenga hoja yake: betri inayopanda mlima haiwezi kuwa mgonjwa, kwa hiyo kuna mkono wa mtu.

Mtu anayemfikiria ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ana miaka 19, tunaishi naye tangu akiwa darasa la nne, na tangu gari lije analala katika chumba cha mbao kilichoungana na banda ili alilinde. Mume wangu anasema huenda anachomoa waya usiku ili atumie umeme kwa mambo yake. Nimemtetea kwa nguvu zote, lakini nimeficha kitu kimoja. Usiku mmoja wa Juni niliamka kumwangalia ndama nikamkuta ameunga hita ya kuchemshia maji kwenye waya ule ule wa gari. Alishtuka, akaniambia, "Mama mdogo, naomba usimwambie baba." Sikumwambia mpaka leo.

Fundi mmoja kutoka Mbeya, rafiki wa mume wangu, alikuja jioni moja. Alipima umeme kwenye soketi ya jikoni saa 2 usiku akakuta volti 196, akasema umeme upo. Kisha akasema kinachosumbua ni kompyuta ndogo iliyo ndani ya betri, na kwamba yeye anaweza kuiruka na kuunga chaja moja kwa moja kwenye betri. Muuzaji naye anasema betri ikifunguliwa waranti imekufa, na kama tunataka ikaguliwe tulipeleke gari Dar es Salaam kwa gharama yetu. Nauli ya lori pekee ni sawa na marejesho ya mkopo ya miezi miwili.

Ili usinielewe vibaya, naeleza na vifaa. Chaja imefungwa chini ya kiti, na maandishi yake yanasema volti 220, zikizidi au kupungua kwa asilimia 15. Betri ni ya lithiamu na chuma na fosfeti, volti 51.2, ampea-saa 200. Waya wa kutoka nyumbani hadi bandani ni wa mita 60, umeandikwa 1.5, na katikati una kiungo kilichofungwa kwa soletepu baada ya jembe kuukata.

Mume wangu ametoa muda hadi mwisho wa mwezi: ama fundi afungue betri, ama kijana arudi kwa baba zake wadogo, ambao hawajawahi hata kumpelekea daftari la shule. Je, nimkubali fundi? Na habari ya hita, niseme au ninyamaze?

Mama wa Bondeni, Makete

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu wa Bondeni,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na fundi umeme mmoja ambaye huwa namuuliza mambo yanayonizidi kimo. Umeniuliza maswali mawili, la fundi na la hita, lakini ninavyoona yote mawili yanasimama juu ya dhana moja ambayo ninyi nyumbani mmekwisha kuikubali bila kuijadili: kwamba tatizo ni moja, na kwamba lina mwenyewe. Mume wako anaamini mwenyewe ni kijana, fundi anaamini ni kompyuta ya betri, na wewe unaogopa kwamba huenda hita ile ndiyo iliyoanza yote. Naomba tuiweke dhana hiyo pembeni kwa muda na kulirudia daftari lako la maziwa, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyeyasoma.

Tazama saa. Usiku, gari linakubali chaji kwanza, halafu linakata kama saa 2, nalo halirudi mpaka mtu achomoe na kuchomeka. Alfajiri, halikubali kabisa, lakini baadaye jua likipanda linaanza lenyewe bila mkono wa mtu. Mchana wa Jumapili halikusumbua hata kidogo. Kitu kinachoanza kisha kikakata, na kitu kinachokataa kuanza kisha kikaanza chenyewe, vinaweza kuwa vitu viwili tofauti vinavyowasha taa nyekundu ile ile. Chaja nyingi huonyesha aina ya kosa kwa idadi ya kupepesa kwa taa, na maana ya kila idadi huwa imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Usiku na alfajiri, kaa mbele ya taa hiyo na uhesabu. Kama usiku inapepesa mara kadhaa na alfajiri idadi nyingine, mtakuwa mmepata jambo ambalo fundi wa Mbeya hakulipata kwa sababu alikuja jioni moja tu.

Nianze na usiku. Chaja yako imeandikwa volti 220 na nafasi ya asilimia 15. Ukipiga hesabu, kiwango chake cha chini ni volti 187. Fundi alipima 196 jikoni akatosheka, na jikoni alikuwa sahihi. Lakini gari halilali jikoni. Kati ya soketi ile na chaja kuna mita 60 za waya mwembamba, maana yake umeme unasafiri mita 120 kwenda na kurudi, na waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 kwa urefu huo, ukibeba ampea nane au tisa za chaja, unapoteza volti zipatazo 12 njiani. Toa 12 kwenye 196, unabaki na 184. Chaja inayofuata maandishi yake itakata hapo. Saa 2 usiku ni saa ambayo kila nyumba kwenye laini imewasha taa, televisheni na jiko, ndiyo sababu volti hushuka; saa 5 usiku watu wamelala, volti zimepanda, na kijana akichomeka tena inakubali. Mchana, volti zikiwa karibu na 220, hata waya wenu mbovu unatosha.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo. Ninasema kwamba hakuna aliyepima bandani, saa 2 usiku, chaja ikiwa inafanya kazi, na bila kipimo hicho hoja ya mtu kuchomoa waya na hoja ya waya mwembamba zina uzito sawa. Kipimo hicho afanye mtu mwenye mita na ujuzi wa kuishika, kwa kuwa huo ni umeme wa kuua.

Kabla hata ya kupima, dada yangu, kile kiungo cha soletepu kiondoke. Hilo silizungushi maneno. Waya unaobeba ampea tisa kwa saa saba mfululizo hupata joto mahali ulipolegea, na ninyi mna nyasi kavu bandani na mtoto analala ukuta wa pili. Kikishaondoka, usiku wa kwanza, nusu saa baada ya kuunga, chomoa plagi kwanza, kisha shika miguu yake kwa kidole: ikiwa ina vuguvugu si neno, lakini ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya uondoe kidole, au plastiki imebadilika rangi kuwa ya kahawia, msiunge tena mpaka soketi na waya vibadilishwe. Kama sehemu ya waya imeviringishwa kwenye kibao, ifunuliwe yote, maana waya uliokunjwa hauna pa kutolea joto. Waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali ule ule ungepoteza volti kama tano tu, na pamoja na huo fundi mwenye leseni ahakikishe kwamba waya wa eathi, ule wa kukinga watu na shoti, unafika bandani. Gharama yake ni kubwa kuliko soletepu, ni ndogo kuliko nauli ya lori, na hata ikigundulika baadaye kwamba tatizo lilikuwa jingine, hamtakuwa mmeipoteza.

Wapo watakaowashauri mnunue stabilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti. Inaweza kusaidia, lakini iwe kubwa kwa kweli na si kwa maandishi ya kwenye boksi, na ikifungwa nyumbani huku waya ukibaki ule ule, volti zile 12 bado zitapotea njiani na hatari ya waya kupata joto itabaki pale pale. Jenereta nalo sikushauri ulikimbilie: mengi hayana eathi ya kueleweka na baadhi ya chaja huyakataa.

Sasa alfajiri, ambayo kwangu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Betri za lithiamu za aina yako zina tabia moja ambayo wauzaji wengi wa nchi za joto hawaikumbuki: zinakubali kutoa umeme kwenye baridi ambayo hazikubali kuingiziwa umeme. Zinaweza kuendesha gari hata joto likiwa nyuzi kadhaa chini ya sifuri, lakini zikichajiwa chini ya sifuri, lithiamu badala ya kuingia ndani ya ncha hasi hujipaka juu yake kama utando wa madini, na sehemu kubwa ya utando huo haiondoki. Betri inapungua uwezo, na utando ukikua unaweza kuziunganisha ncha mbili kwa ndani. Ndiyo maana betri imewekewa kompyuta ndogo ya kupima joto na kufunga mlango wa chaji, na kwenye baadhi ya magari mlango huo hufungwa au kubanwa hata kabla ya kufika sifuri. Jua likipasha banda, mlango unafunguka wenyewe. Hoja ya mume wako kwamba betri inayopanda mlima ni nzima ni ya kweli kabisa. Pale anaposema basi kuna mtu, anaruka hatua moja, kwa kuwa betri nzima ndiyo hasa inayokataa chaji kwenye sakitu.

Hapa pia nina shaka, nami nakupa shaka hiyo kama ilivyo. Betri ya ukubwa huo ni nzito na hupoa polepole. Hewa ya nje ikiwa na sakitu haimaanishi kwamba ndani ya betri pamefika sifuri. Mfugaji kama wewe huenda una kipimajoto cha maziwa. Kiweke chini ya kiti, karibu na betri, usiku kucha, na ukisome saa 11 alfajiri kabla jua halijatoka. Kikisoma nyuzi moja au mbili siku zinazokataa, na nane siku zinazokubali, utakuwa na habari ya kumpelekea muuzaji. Kikisoma kumi siku zote, basi baridi si mkosaji na tutafute kwingine: betri ndogo ya volti 12 inayoamsha mitambo, kama gari lenu linayo, au plagi ya upande wa gari iliyoingia tope, au kweli hitilafu ya kiwandani.

Kwa sababu hiyo pendekezo la fundi la kuiruka kompyuta linanitia hofu kuliko jambo jingine lolote kwenye barua yako, isipokuwa soletepu. Simwiti mtu mbaya. Ameona mlango umefungwa na kazi yake ni kufungua milango. Lakini kama mlango ulifungwa kwa sababu ya baridi, basi kuuvunja ni kuiingizia betri chaji katika saa zile zile zinazoiharibu, na gari litaonekana limepona kwa wiki kadhaa kabla ya kuanza kuishiwa nguvu katikati ya mlima. Betri ya lithiamu, chuma na fosfeti ni tulivu kuliko ndugu zake, lakini utulivu si kinga ya kuchajiwa bila msimamizi. Tena volti 51 kwa kawaida hazimrushi mtu, na hilo huwadanganya mafundi. Spana ikiangukia ncha mbili za betri hiyo huyeyuka kwa cheche, na huwa karibu na uso wa aliyeishika. Na waranti itakuwa imekwenda, huku mkopo ukibaki kwa jina lako.

Upande wa pili, kumsubiri muuzaji nako kuna hatari yake. Waranti ina tarehe, na simu zisizoandikwa popote hazina ushahidi. Ningekuwa mimi, nisingemwuliza tena "gari letu lina nini?" Ningemwandikia, kwa ujumbe unaobaki, maswali mafupi: chaji inafungwa kwenye nyuzi ngapi za joto, kiwango cha chini cha volti ni kipi, na taa ikipepesa mara hizi maana yake nini, nikamwambatanishia picha za daftari, kipimajoto na maandishi ya chaja. Ule ujumbe wako wa kabla ya kulipa, uliosema kwenu kuna baridi kali, usiufute. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akautegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inatakiwa kuifaa kazi hiyo. Na malalamiko ya mlaji hupokelewa na Tume ya Ushindani. Sikutumi ukashtaki. Ila kuna tofauti kati ya kuomba fadhila na kuuliza ukijua ulisimama wapi, na nauli ya lori inaweza kuzungumzwa upya katika tofauti hiyo.

Wakati mnasubiri majibu, jaribuni kuunga gari mara linaporudi kazini, saa 10 jioni, betri ikiwa bado na joto la kazi na majiko hayajawashwa. Betri yenu tupu huhitaji saa saba na kidogo kujaa, lakini mara nyingi hairudi tupu.

Nimefika kwa kijana, na hapa napunguza mwendo.

Unasema ulimkuta na hita usiku mmoja. Je, unajua kuwa ni mmoja, au ni mmoja uliomkuta? Sikuulizi ili kumtia hatiani. Hita ya wati 1,000 kwenye waya ule ule ingeshusha volti nyingine kama sita, na jioni ambayo gari linapumua kwa shida hizo sita zinatosha kulikatisha. Kwa hiyo inawezekana mume wako hakukosea kabisa, na inawezekana pia amekosea kabisa, na wewe umesimama katikati ukiwa mtu pekee mwenye kipande kinachokosekana. Umemtetea kijana kwa nguvu zote, unasema. Nadhani nguvu nyingine inatoka kwenye hofu kwamba siku moja hita itajulikana, na siku hiyo mume wako hatauliza tena habari za gari, atauliza kwa nini mkewe alimficha.

Kunyamaza kunaweza kumlinda mtoto mpaka mwisho wa mwezi, na pengine hata kupita hapo. Kusema kunaweza kumpa baba yake sababu aliyokuwa anaitafuta. Sikuchagulii, kwa kuwa mimi sitakuwepo mezani. Ila kama utasema, fikiria kuongea kwanza na kijana, umwambie kwamba huwezi kuendelea kulibeba peke yako, na umpe nafasi aliseme mwenyewe. Na kabla ya hayo kuna swali ambalo sikuliona popote kwenye barua yako ndefu na nzuri: alikuwa anachemsha maji ya nini? Mtoto wa miaka 19 amelala katika chumba cha mbao, mahali ambapo majani yanaota sakitu, akilinda betri ambayo yenyewe imewekewa kompyuta ya kuitunza dhidi ya baridi.

Kuhusu mume wako, usimpelekee hoja, mpelekee kazi. Mwombe yeye mwenyewe awe anaunga gari kwa wiki moja, na asome namba ya LUKU, yaani uniti zilizobaki kwenye mita ya umeme, anapounga na anapochomoa. Uniti hazidanganyi: betri yenu tupu hadi kujaa hula kama uniti 11 au 12, na gari likikata saa 2 usiku huku namba ikiendelea kushuka kuliko kawaida ya nyumba, mtajua kuna matumizi mengine, ikisimama, mtajua hakuna. Lakini chunga jambo moja. Wiki hiyo aunge saa zile zile na kwa waya ule ule, kiungo kikiwa kimekwisha kurekebishwa. Akiunga mchana kwa kuwa ndipo ana nafasi, gari litakubali, naye atasema, "Mnaona? Nilipoondoa mkono wake, limepona," na mtoto atakuwa ameondolewa nyumbani na jua la saa 8.

Anaweza kukataa, au kuona unampima yeye badala ya gari. Ni hatari ya kweli, nawe unamjua kuliko mimi. Kama ni mtu wa hesabu, anza na namba ya LUKU. Kama ni mtu wa moyo mzito juu ya fedha, huenda kabla ya yote anahitaji kusikia kutoka kwako kwamba mkopo ule unakutisha wewe pia, na kwamba hukumwona mjinga kwa kununua gari hili.

Mwisho wa mwezi aliouweka ni tarehe ya hasira yake, na mwombe kwa upole aisogeze kwa wiki mbili, zinazotosha kwa kipimajoto, kwa mita ya bandani na kwa jibu la muuzaji. Ukiniandikia tena, nakilia na hizo siku kama ulivyonakili hizi. Niambie taa ilipepesa mara ngapi, plagi ilikuwa na joto kiasi gani, na kijana analala wapi sasa.